Wazee Wetu na Maayari wa Simu

Hapana mwenye simu katika Tanzania asiyepata kupokea ujumbe usemao kwamba ile fedha itumwe kwenye namba hii, na jina litakalotokea ni la fulani. Kijana huucheka akaufuta, lakini mzee aliyekuwa akingoja maelekezo ya kulipa deni huusoma kama jibu la jambo lililokuwa moyoni mwake. Ayari hakumjua mzee huyo wala hakuhitaji kumjua, maana ametupa wavu kwa maelfu, akitumaini kwamba hawakosi wachache ambao siku hiyo wana fedha ya kutuma.

Aghalabu tukisikia habari hizo twasema ni ujinga wa wazee, na kauli hiyo haina insafu. Bibi aliyepigiwa simu akaambiwa kwamba mjukuu wake ameanguka shuleni na hospitali yataka fedha kabla ya tiba, ameongozwa na huruma. Na kwa murua aliolelewa nao huona haya kumkatia maneno mtu amwitaye mama kwa unyenyekevu. Hadaa iliyojengwa juu ya fadhila za mtu haikomeshwi kwa kumkemea.

Wako waonao kuwa dawa ni watoto kuishika simu ya mzazi pamoja na namba yake ya siri. Rai hii ina sura ya wema, na kwa mzee aliyepotewa na kumbukumbu huenda ikawa lazima. Ila kwa aliye timamu ni kumnyang'anya milki yake ili isiibiwe. Tena kikulacho ki nguoni mwako: kijana atumwaye kwa wakala kila mara, ilhali namba ya siri anayo, aweza kuimega akiba ya babu kidogo kidogo pasipo mtu kutambua.

Serikali nayo ilitumaini kuwafichua maayari kwa usajili wa alama za vidole, na tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Lakini wakala mhaini humwambia mzee kwamba kidole hakikushika, akiweke tena, na kwa alama hiyo ya pili akasajili laini nyingine. Basi mzee aliyetapeliwa leo, kesho jina lake laweza kutokea katika hadaa ya mwingine. Kwa hiyo ni wajibu wa jamaa kumbonyezea *106# na kumsomea laini zilizo kwa jina lake, na kuupeleka kila ujumbe wa kilaghai kwenye 15040.

Hata hivyo, silaha kubwa ya ayari ni haraka, na baada ya haraka ni fedheha. Kwani mzee aliyetahayari hunyamaza siku nzima, na muda huo wa kimya ndio fedha hutolewa ikatoweka, ambapo taarifa ya mapema kwa kampuni ya simu ingaliweza kuizuia. Nyumba na iwe na mapatano mawili: fedha iliyoombwa kwa simu isitoke kabla mzee hajampigia jamaa kwa namba anayoijua, na aliyehadaiwa asichekwe.

Ewe msomaji, mpigie mzee wako leo, umwambie maneno haya: likikufika, niambie mimi kwanza.