Sauti Tano si Upungufu

Yamekuwa mazoea, hasa miongoni mwa walioonja piano kidogo, kuiita ngazi ya sauti tano ya Wagogo muziki uliokosa sauti mbili. Eti ilimba ya Dodoma haijakamilika na waimbaji wake hawashiki noti. Basi studioni vyuma vya ilimba husogezwa mpaka vikubaliane na kinanda, na kazi hiyo huitwa marekebisho.

Marekebisho ya nini? Uzi wa zeze ukitetema mzima, vipande vyake navyo hutetema: nusu, theluthi, robo na kuendelea. Ngazi ya Wagogo imejengwa kwa sauti za vipande hivyo: ya nne, ya tano, ya sita, ya saba na ya tisa (ya nane ni ile ile ya nne, imepanda tu). Inayowaudhi wakosoaji ni ya saba. Hatua ndogo kabisa ya piano ikigawanywa sehemu 100, sauti hiyo iko chini ya noti jirani yake kwa sehemu 31 hivi. Aliyeuhama uzi, basi, ni piano, iliyopunja huku na kuongeza kule ili nyimbo za kila ufunguo zipigike. Mapatano hayo yana faida zake. Hayakupewa ukadhi juu ya zeze.

Cha ajabu, lawama hizi husikika hata pwani. Mpenzi wa taarabu hutikisa kichwa kwa maqamu ya Rasti, ambayo sauti yake ya tatu haimo katika piano ya kawaida. Ikitoka kwenye kanuni ni utamu. Ikitoka kwenye ilimba ni kasoro! Na washairi je? Mshororo wa shairi una mizani 16, kipande cha utenzi mizani 8. Nani amewahi kuudai utenzi nane zilizobaki?

Wagogo huimba kwa sauti zaidi ya moja kwa pamoja, na mwafaka wa makoo yao hutoka katika ngazi hiyo hiyo. Vyuma vikisogezwa, waimbaji na ilimba huanza kugombana, kisha anayelaumiwa ni mwimbaji. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipiga na kuifundisha ilimba Bagamoyo, ufukweni hapa hapa. Hakuna udhuru wa kusema haikusikika.

Vinanda vilivyotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu vina vitufe vya kushusha noti moja moja. Fundi wa studio na aishushe ile ya saba kwenye kinanda, aviache vyuma vya ilimba mahali vilipowekwa na mwenyewe.