Kikinuka tu, wa Kwanza Kufutiwa ni Wadada! Hii ya Hoki ya Barafu Imeniuma

Leo tuwaache kidogo mastaa wetu na ndoa zao, twende kwenye baridi. Najua hoki ya barafu wengi tunaiona kwenye muvi tu: watu wamevaa viatu vya visu, wameshika magongo, wanagongana kama wanagombania siti ya daladala asubuhi. Ila kuna ishu ndani yake ambayo mdada yeyote ataielewa, hata kama barafu anayoijua ni ile ya kwenye juisi.

Stori iko hivi. Desemba 24, 2021, mkesha wa Krismasi, shirikisho la dunia la mchezo huo, IIHF, lilitangaza kufuta mashindano yake yote yaliyokuwa yaanze Januari 2022. Sababu ilikuwa corona, kipindi kile cha Omicron. Kwenye fagio hilo yakapita na Mashindano ya Dunia ya wasichana chini ya miaka 18, yaliyokuwa yachezwe Sweden, miji ya Linköping na Mjölby. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu. Na ya 2021 nayo ilishafutwa, kwa hiyo mabinti walikuwa wanapigwa chini mwaka wa pili mfululizo.

Sasa sikia utamu. Siku mbili baadaye, Desemba 26, kule Kanada, Edmonton na Red Deer, yakaanza Mashindano ya Dunia ya wavulana chini ya miaka 20. Shirikisho lile lile, kirusi kile kile. Eti tofauti ni kwamba ya wavulana yalianza Desemba, ya wasichana yalikuwa Januari. Jamani, tangu lini kirusi kinaangalia kalenda?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tangazo lile halikuwagusa wasichana peke yao. Na wavulana wenyewe hawakufika mbali, maana Desemba 29 mashindano yao nayo yalisimamishwa baada ya wachezaji kukutwa na corona na mechi kadhaa kushindwa kuchezwa. Kuna mtu atasema, "Si wote walifutiwa? Kelele za nini?"

Kelele ni hizi. Wavulana walipewa nafasi ya kujaribu. Waliwekewa utaratibu wa vipimo, wakaingia uwanjani, wakatolewa na vipimo. Wasichana walitolewa na karatasi wakiwa bado nyumbani. Kujaribu ukashindwa na kukatazwa hata kujaribu haviumi sawa, na wewe unajua.

Halafu hii siyo mara moja. Mwaka 2003 Mashindano ya Dunia ya wanawake yalikuwa yafanyike Beijing, yakafutwa kwa sababu ya SARS. Hapo sibishi, ugonjwa ulikuwa pale pale China. Mwaka 2020 yakafutwa yale ya Nova Scotia, Kanada, na hapo pia sibishi, kwa sababu hata ya wanaume mwaka ule yalifutwa. Ila 2021 ndiyo inanitia shaka. Aprili 21, timu zikiwa zinajiandaa kuingia, serikali ya Nova Scotia ikasema hapana, ya wanawake hayatafanyika hapa. Mwezi Mei wanaume wakaanza yao Riga, Latvia, wakacheza mpaka fainali. Wadada wakasubiri hadi Agosti, wakapelekwa Calgary. Na walipopewa uwanja walifanya nini? Fainali Kanada na Marekani, dakika za nyongeza, nahodha wa Kanada akamaliza kazi, 3-2. Mechi tamu kama hiyo nusura tuikose kabisa.

Najua hoja inayokuja. "Ya wanaume yana hela, ya wanawake hayana." Sawa, hela ni kweli. Mashindano yale ya vijana wa kiume ni biashara kubwa Kanada, runinga inalipa, viwanja vinajaa. Lakini jiulize, hela inatoka wapi? Inatoka kwenye kuonekana. Kitu unachokifuta kila ukibanwa watu watakizoea saa ngapi? Ni kama mama ntilie anafunga genge siku tatu kwa wiki halafu anashangaa wateja wamehamia kwa jirani.

Na kudharauliwa kwao hakujaanza juzi. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake yalikuwa 1990, Ottawa. Unajua wenyeji Kanada walivalishwa jezi rangi gani? Pinki! Nchi yenye jezi nyekundu inayojulikana dunia nzima, wadada wakapewa pinki ili wavutie. Wakavaa, wakaipiga Marekani kwenye fainali, wakachukua ubingwa. Watu wamehangaika na rangi, wao wamehangaika na ushindi.

Turudi kwa wale mabinti wa chini ya 18. Baada ya wachezaji na mashabiki kupiga kelele, ikatafutwa tarehe nyingine. Juni 2022 wakacheza Madison, Wisconsin, Marekani. Kanada ikabeba kombe. Kwa hiyo mwisho mzuri, siyo?

Siyo kwa wote. Chini ya 18 ni umri, na umri haurudi. Binti aliyezaliwa 2003 mwaka wake wa mwisho ulikuwa ni ule wa 2021 uliofutwa. Juni 2022 ilipofika alishapitwa. Hakuna Madison yake. Shirikisho lina mashindano kila mwaka, yeye alikuwa na Januari moja tu iliyobaki, na ikaenda. Ndiyo maana napinga neno "kufuta" linavyotumika kirahisi. Bosi anafuta tarehe, binti anafutiwa nafasi.

Na msidhani haya ni ya wazungu na barafu yao. Hapo Nairobi tu, Hoteli ya Panari iliweka kiwanja cha barafu, na vijana wa Ice Lions wametokea pale. Kwa hiyo hata mchezo wenyewe hauko mbali kama tunavyodhani. Na tabia yenyewe ndiyo kabisa, tunaishi nayo. Nenda kwenye bonanza lolote la mtaani. Ratiba inasema netiboli saa 9, mpira wa wanaume saa 10. Mvua ikinyesha, wageni rasmi wakichelewa, muda ukibana, nani anakatwa? Wadada wamekaa pembeni wamevaa jezi, wanaambiwa "mtacheza wiki ijayo". Wiki ijayo ipi? Hakuna aliyeiandika popote.

Mimi sisemi mashindano yasifutwe. Ugonjwa ni ugonjwa na uhai kwanza. Ninachosema ni viwili tu. Kwanza, kipimo kiwe kimoja: kama ni hatari kwa dada, ni hatari kwa kaka. Pili, siku unayotangaza kufuta, tangaza na lini utarudisha, usisubiri watu wapige kelele mitandaoni ndipo ukumbuke kalenda. Kwa sababu wale wa Madison walirudishiwa kwa kelele. Wasio na wa kuwapigia kelele je?

Haya wadau, kazi kwenu. Shuleni, kazini, mtaani kwako, muda ukibana ni nani anayekatwa wa kwanza? Semeni ukweli, msiwaogope mabosi. Majina hatutaji.