Ganda la Kidonda Lasema Kweli

Mara nyingine mtu anauliza: "Juu ya nini munganga anakwangua kidonda yangu na kuituma ku labo? Atupe dawa tu!"

Sikilizeni mambo ya Kamituga, mji wa wachimba dhahabu kule Kivu ya Kusini. Mwezi wa 9, 2023, watu walianza kuugua mpox, ile ndui ya nyani. Wanganga walikusanya maganda na maji ya vidonda, wakayapeleka ku labo ya INRB, taasisi ya taifa ya Profesa Muyembe, mwalimu wa Univerisite ya Kinshasa.

Ndani ya virusi vya mpox kuna maandishi ya herufi karibu 197.000. Mashini iliyasoma. Kumbe kipande kimoja kimekosekana! Kipimo kimoja cha aina ya zamani kilitafuta kipande kile kile, kingetudanganya. Tena alama zilionyesha ugonjwa unapita mtu kwa mtu, si kwa nyama ya pori tu. Tawi hilo jipya likaitwa Ib. Tarehe 14.8.2024 OMS ikatangaza hatari kwa dunia nzima.

Hapa Pweto pia vijana wanaenda machimboni na kurudi, mashua zinavuka Mweru. Mama, baba, mtoto akirudi na homa na vipele, musimufiche, musiseme amelogwa. Mumpeleke kituo cha afya, akubali kukwanguliwa. Ganda lake dogo linaweza kuokoa jirani yake.