Chumba Kidogo na Aibu Kubwa

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kama methali hii ingepimwa leo katika vyumba vya kupanga vya mji wa Tukuyu, ingeonekana kuwa waliosoma wameisahau kuliko watu wengine wote. Katika kata ya Bagamoyo, ambayo ina jina moja na bandari ya kale ya pwani lakini iko mbali nayo, juu katika milima ya wilaya ya Rungwe, kijana aliyeanza kazi au masomo hupanga chumba kimoja. Ndani yake hutia kitanda, ndoo, jiko, sanduku la nguo na vitabu vyake. Kisha hutazama kuta nne zilizo tupu, huona haya, naye huenda dukani. Hurudi na maua ya plastiki yasiyonyauka wala kunukia, pazia linalometameta, picha ya maporomoko ya maji ya nchi asiyoijua, na deni. Maporomoko ya Kaporogwe hayako mbali na mji anaokaa, lakini hayo hayana heshima ukutani kwake, kwa kuwa hayakuuzwa dukani.

Hapana dhambi katika kununua. Ndoo ya plastiki ni chombo chema, na sakafu ya saruji ni safi kuliko ya vumbi. Kosa linaloshtakiwa hapa ni jingine. Ni ile imani kwamba kitu kilichofanywa kwa mkono wa mwenye chumba ni tangazo la ufukara wake, na kwamba pambo halipati kuwa pambo mpaka litoke mbali na kulipiwa fedha. Imani hii haikuletwa na umaskini, maana maskini hasa hana cha kutoa dukani. Imeletwa na aibu. Aibu hiyo ina gharama kubwa kuliko kodi ya chumba, kwa sababu kodi hulipwa kwa mwezi, bali aibu hulipwa kila siku.

Ajabu ya jambo hili ni mahali linapotendeka. Rungwe si jangwa. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na ardhi yake ilitokana na majivu ya volkeno. Mwanzi humea kando ya vijito, na mgomba uko nyuma ya karibu kila nyumba. Ndizi za wilaya hiyo husafirishwa hata Dar es Salaam, na magome makavu ya migomba huachwa yaoze shambani. Mtu akaaye katikati ya mali kama hii na kulalamika kuwa hana cha kupambia chumba ni sawa na mvuvi alalamikaye kiu katikati ya ziwa la maji matamu.

Wala watu wa nchi hiyo hawakuwa wageni wa uzuri. Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, alifika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, na katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1881 alisifu sana usafi wa vijiji vya migombani na ustadi wa nyumba zake. Nyumba hizo zilijengwa kwa mianzi na udongo, vitu vilivyookotwa hatua chache kutoka mlangoni. Miaka mingi baadaye Monica Wilson, aliyekaa kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 desturi moja iliyowashangaza wasomaji wa dunia nzima. Wavulana wa Kinyakyusa, wakifika umri wa miaka kumi hivi, walitoka katika nyumba za wazazi wao wakajenga vibanda vyao wenyewe, rika moja pamoja, pembeni mwa kijiji cha baba zao. Walirudi kula kwa mama zao, lakini walilala chini ya paa walizoziezeka wenyewe. Kibanda kile kilikuwa kidogo na kibovu mara ya kwanza, kikawa bora mara ya pili, na mvulana alipofika umri wa kuoa alikuwa amekwisha kuwa mjenzi.

Hapo pana hukumu nzito juu ya kizazi cha leo. Mtoto wa miaka kumi aliweza kujenga nyumba, na mwanafunzi wa miaka ishirini na miwili hawezi kutundika ubao wa vitabu. Yule alikuwa hajui kusoma, na huyu amesoma miaka kumi na sita. Haifai kusema kwamba elimu ndiyo iliyomlemaza, kwa sababu elimu ni njema. Lakini ni haki kuuliza ni elimu ya namna gani iliyompa kichwa ikamnyang'anya mikono.

Jibu la swali hilo lilijulikana zamani. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isimtenge mwanafunzi na kazi ya mikono. Fikira ilikuwa safi, lakini katika shule nyingi kazi ya mikono iligeuka kuwa adhabu. Aliyechelewa alipewa jembe, aliyepiga kelele alipewa fagio, na aliyefanya vizuri alipewa ruhusa ya kukaa. Mtoto aliyelelewa hivyo hujifunza somo moja kwa hakika, nalo ni kwamba mkono ni wa mkosaji. Tangu mwaka 2024 mtaala mpya umeleta mkondo wa amali katika shule za sekondari. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, mtaala hautaondoa aibu kama mwalimu mwenyewe, akirudi chumbani kwake, huona haya kukalia kitu alichosuka.

Wako watakaosema kwamba maneno haya ni matupu, na kwamba mwandishi wa makala hana budi kuonyesha lililo rahisi kufanywa. Dai hilo ni la haki, na si gumu kulijibu.

Chukua mwanzi. Uliokomaa hukatwa wakati wa kiangazi, ukalowekwa katika maji ya kijito kwa majuma matatu au manne ili utamu uliomo, ambao ndio chakula cha wadudu, upungue. Kisha hukaushwa kivulini, ukiwa umesimama. Mwanzi mnene ukikatwa chini kidogo ya kifundo huwa kikombe cha kalamu au chombo cha maua. Miwili mirefu ikiunganishwa kwa vipande vifupi huwa ngazi ya kutundikia nguo, nayo huegemezwa ukutani bila ya msumari hata mmoja. Uliopasuliwa hufanya fremu ya picha. Kazi yote hutaka msumeno, kisu, kamba na saburi.

Chukua mgomba. Gome lake kavu huchanwa nyuzi nyuzi, nyuzi tatu zikasukwa msuko mrefu kama nywele za msichana, msuko ukazungushwa duara na kushonwa kwa sindano nene. Duara dogo huwa la kutegea chungu, kubwa huwa la kukalia, na la kati likitundikwa hufunika ukuta vizuri kuliko picha ya ugenini. Kazi hiyohiyo hufanywa kwa vipande vya vitenge vilivyobaki chini ya cherehani ya mshonaji, navyo hutoa zulia la rangi nyingi la kuwekwa mbele ya kitanda. Kanga iliyochakaa pindo moja hugawanywa ikawa pazia la dirisha, na maandishi yake yakabaki kuzungumza na mpita njia. Mbao za sanduku la matunda hupigwa randa, zikatobolewa pembe nne na kutundikwa kwa kamba darini, fundo chini ya kila ubao, zikawa rafu ya vitabu. Gundi ya karatasi ni uji mzito wa unga wa ngano.

Tena mji huo una majirani mafundi. Upande wa chini, pwani ya Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, hufinyanga vyungu ambavyo sifa zake zimeenea mbali. Husafirishwa kwa mitumbwi mpaka sokoni, vikapanda mpaka Kyela na Tukuyu. Chungu kimoja kidogo cha Kikisi, chenye tawi la ua la kando ya njia, kinatosha kukipa chumba kichwa na macho. Fedha inayolipwa kwa chungu hicho hubaki katika mkono wa mama aliyekifinyanga. Mgeni akitoka Ulaya hukinunua, akakifunga katika nguo zake kwa hofu kisivunjike, akakiweka sebuleni kwake kama hazina. Kijana wa Tukuyu hukiona hazina hapo tu, kikiwa katika picha ya sebule ya Ulaya.

Yako mateto matatu yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni la wakati. Husemwa kwamba mtu wa kazi hana saa za kusuka. Lakini mtu huyohuyo ana saa za kutazama simu yake mpaka usiku wa manane, akiona vyumba vya watu wengine na kuvitamani. Nusu ya saa hizo kwa mwezi mmoja hutosha kwa zulia. La pili ni la mwenye nyumba, anayekataza misumari na rangi. Ni kweli, na ndiyo maana ngazi huegemezwa, rafu huning'inizwa, na zulia hutandikwa. Mapambo ya namna hii humfaa mpangaji kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa akihama huyakunja na kwenda nayo. La tatu ni la unyevu, nalo ndilo zito kuliko yote. Katika mvua za Tukuyu, kitu cha mgomba kisichokauka hushika ukungu, na mwanzi usiolowekwa hutobolewa. Dawa yake ni kukausha kwa uangalifu, kuacha nafasi kati ya pambo na ukuta, na kuanika siku ya jua. Asiyetaka taabu hiyo akubali kuwa anakimbia taabu, asiseme kwamba vitu vya nyumbani havina uzuri.

Kuhusu uzuri wenyewe, dunia imekwisha kutoa ushahidi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968 juu ya vipande vya mbao za dari, kwa rangi za kung'aa za kupakia vitu vya kawaida. Hakuwa na vitambaa vya wachoraji wakubwa wala chuo cha sanaa. Alifariki mwaka 1972, na leo mtindo wake unaitwa kwa jina lake katika nchi nyingi. Kama angengoja vifaa vya heshima, hakuna mtu ambaye angemjua. Kwa upande mwingine, Uingereza ilipata mtu aliyeitwa William Morris, ambaye mwaka 1861 alianzisha na wenzake kiwanda cha mapambo ya nyumba ili kuupigania ustadi wa mkono dhidi ya mashine. Vitu vyake vilikuwa vizuri sana, lakini vilikuwa vya bei kubwa, na walionunua wengi walikuwa matajiri. Morris mwenyewe alisikitishwa na jambo hilo. Huko, kazi ya mkono ilikuwa ghali na ya mashine rahisi. Rungwe bado ina bahati ambayo Morris hakuipata, maana mwanzi wa kijitoni hauna bei kubwa kuliko ua la plastiki. Bahati hiyo haitadumu milele. Vijana wasipojifunza kwa wazee wanaojua kusuka na kufinyanga, ustadi utazikwa pamoja na wenyewe. Ndipo mjukuu atakapoununua tena kwa bei ya mgeni.

Limebaki neno moja kwa wanazuoni. Wao ndio wanaosifu utamaduni katika mikutano, wakaandika juu ya vyungu na mikeka, wakaviita urithi wa taifa. Lakini fungua mlango uingie ndani ya vyumba vyao. Mara nyingi chungu kimo katika maandishi na plastiki imo mezani. Mwanafunzi husoma makala ya mwalimu wake kwa ajili ya mtihani, na husoma chumba cha mwalimu wake kwa ajili ya maisha. Hayo mawili yakipingana, chumba ndicho hushinda.

Basi shtaka hili halimwombi mtu arudi katika kibanda cha zamani, wala halimkatazi kununua anachokihitaji. Linamtaka aanze na kitu kimoja alichokifanya mwenyewe, akiweke mahali ambapo mgeni atakiona kwanza, na akiulizwa kimetoka wapi, ajibu bila ya kuinamisha uso. Mtu aliyepanga chumba ni mpangaji kwa sababu ya fedha, na hali hiyo si fedheha. Bali mtu anayengoja duka limwambie kipi ni kizuri amepanga hata macho yake, na kodi ya macho haina mwisho. Wahenga walikwisha kusema: usiache mbachao kwa msala upitao. Walioacha mbacha wamekwisha kuona kwamba msala ulipita, na sakafu ya chumba ikabaki tupu.