Goma: kaye ndogo ya mfukoni ni shahidi wa mwenye kuuza

Kila jioni kwenye soko la Virunga, mjini Goma, wamama wanahesabu feza mbele ya kurudi nyumbani. Wengi wanahesabia kichwani: nani amelipa, nani amebeba makala kwa deni, ngapi imeingia kwa dola na ngapi kwa franka. Kichwa kikichoka, ugomvi unaanza, na mara nyingi hesabu ya mdeni ndiyo inakuwa ndogo.

Mwezi wa Januari 2025, M23 ilipouteka mji, banki zilifunga milango. Feza ikawa inapita mkono kwa mkono ao kwa simu. Wakati kama huu, kila mwenye kuuza angepashwa kutembea na kaye ndogo na biki.

Kazi yenyewe ni ya dakika tano. Kila jioni aandike tarehe, alichouza, alichonunua, jina la mdeni na kiasi. Akikopesha kwa franka, aandike pia dola ilibadilishwa kwa ngapi siku hiyo. Bei ya dola inapanda na kushuka. Akilipwa kisha miezi miwili bila kuwa aliiandika, hatajua kama mali yake imerudi yote. Mama asiyejua kuandika anaweza kumuomba mtoto wake anayesoma.

Wengine watasema simu inatosha. Lakini simu inaisha chaji, na inaibiwa. Kaye kubwa ya nyumbani nayo ina hatari yake. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu walikimbia na kile walichokuwa nacho mwilini. Upande wa Buhene, nyumba ziliungua pamoja na makaratasi yote yaliyokuwa ndani. Kaye ya mfukoni inakimbia pamoja na mwenyewe. Ila asiandike humo namba ya siri ya simu yake.

Wamama walio katika AVEC wanajua jambo hili. Kwenye mkutano, kaye inafunguliwa mbele ya wote na hakuna anayebishana. Ajabu ni kwamba wengi wao wanalinda hivyo feza ya kikundi, lakini biashara yao wenyewe wanaiachia kumbukumbu.

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Na siku mama hayupo tena, watoto wake watafungua kaye na kujua nani wa kudai na nani wa kulipa.