Uraia: sheria moja kwa mkubwa na mdogo

Wandugu, artikle ya 10 ya Katiba ya 2006 inasema wazi: uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Dada yetu aliyeomba uraia wa Ubelgiji juu ya kazi amepoteza ule wa kwao. Mama akifa hapa Goma, anaomba viza ya kuja kumzika! Lakini mwaka 2007, ilipojulikana kama kuna wadeputé wenye paspoti mbili, Bunge liliwapa muda wa kujipanga. Muda ule uliishia wapi? Na pesa diaspora inatuma kila mwezi, tunakula bila kuuliza paspoti. Sisi tunadai: artikle ya 10 ibadilishwe, ama ifuatwe na wote, kuanzia kule juu.