Mgeni Njoo, Je, Mwenyeji Hupona?

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wilayani Kilosa wageni wamekuja tangu zama za Wajerumani, na miaka hii wamekuja Wachina na Waturuki, watu wa dola zinazoinukia. Vijana hutuuliza: Je, huu ni msaada au ni biashara? Jawabu si moja. Na tutazame reli, kisha mahindi.

Reli ya Kati ipitayo Kilosa ilijengwa na Wajerumani, na upana wa njia yake ni milimita 1,000. Baadaye tawi lilitoka Kilosa likapita Mikumi hadi Kidatu. Kisha Uchina, ambayo wakati ule ilikuwa maskini yenyewe, ilitukopesha fedha bila riba, ikajenga TAZARA baina ya mwaka 1970 na 1975. Nayo ilipita Kidatu, lakini kwa upana wa milimita 1,067, kwani ilipasa kuungana na reli za Zambia. Basi kwa tofauti isiyozidi upana wa vidole vinne, mabehewa hayakuweza kuvuka, na mizigo ilipasa kushushwa na kupakiwa upya.

Sasa iko njia ya tatu, ya milimita 1,435, ipitayo katika mahandaki ya milima ya Kilosa. Iliyojenga ni kampuni ya Kituruki, Yapı Merkezi. Vichwa vya treni vya umeme vimetoka Korea Kusini. Na tangu 2024 abiria husafiri kwayo kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Na fedha je? Mwaka 2020 benki ya Standard Chartered ya London iliratibu mkopo wa dola bilioni 1.46 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo Mturuki ni fundi aliyelipwa ujira wake, wala hatumlaumu. Lakini tusiite msaada kitu ambacho watoto wetu watakilipia.

Mahindi ni habari nyingine. Mwaka 2011, katika kijiji cha Peapea, Wachina walifungua kituo cha mafunzo ya kupunguza umaskini, na Profesa Li Xiaoyun na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Uchina wakaanza kufundisha. Hawakutegemea matrekta. Walifundisha jambo ambalo mtu aweza kulidhania dogo: kupanda kwa mistari, kukaribisha mashimo, kupunguza miche na kupalilia kwa wakati. Waliofuata maelekezo walivuna zaidi ya maradufu. Kwa maoni yetu, katika yote yaliyofika Kilosa kutoka mbali, hili ndilo bora, maana mwalimu akiondoka, elimu hubaki kwa mkulima, wala haidai vipuri.

Hata hivyo iko gharama, nayo haionekani katika hesabu za fedha. Kilimo hiki kilitoka katika nchi ya mashamba madogo na mikono mingi. Mashimo yakiongezeka, kazi huongezeka. Palizi nayo haingoji. Na ni nani ainamaye shambani jua likiwa kali, kisha akarejea kuteka maji na kupika? Mara nyingi ni mama wa nyumba. Mavuno yakiwa maradufu na mgongo ukawa ule ule mmoja, faida imelipwa na mtu mmoja. Yafaa baba na vijana wa kiume wahesabu mikono hiyo pamoja naye kabla mvua hazijaanza, na wajue nani atapalilia mistari ipi.